Jirani Aliyeacha Matufaha Yangu Uchi

"Opondo, wewe ni mwizi wa aina gani? Wenzako wanaiba kuku, wewe unaiba majani!"

"Punguza sauti, Mama Rosa. Kiangazi kimemaliza nyasi. Mbuzi wangu wangekula nini, hotuba zako?"

Ua ulishajaa watu. Wengine walikuja na viti, nawaapia.

Nilikuwa nimetoka matanga Ahero. Nafika nyumbani hapa Otonglo, miti yangu ya matufaha iko uchi. Shamba lote! Imebaki safu moja tu kando ya nyumba, kwa sababu hapo Opondo aliogopa mbwa.

"Na miaka yote hii unavuna majani tu," akaongeza. "Umewahi kuuma hata tunda moja?"

Watu wakacheka. Hapo alinichoma.

Maana Oketch, mume wangu, alishasema: msimu huu miti isipotoa maua, anaing'oa yote, anarudisha mtama. Na kina mama wa chama walikuwa wananiangalia mimi. Ikizaa kwangu, wote wanapanda, tunauzia hoteli za Kisumu matufaha ya hapa hapa. Sasa hata majani hakuna!

Nikamtangaza Opondo sokoni. Nikamtangaza kanisani. Watu wakaacha kumsalimia.

Lakini sikutulia. Nikisikia chuma kimegonga tu, natoka mbio, nadhani Oketch ameshika jembe.

Siku zikaenda. Asubuhi moja Oketch akapiga kelele, "Kuja uone!"

Maua. Meupe, yenye wekundu kwa mbali, kila tawi.

Na ile safu ya mbwa? Majani tu. Ua hakuna.

Nikampigia Saleh, aliyetuuzia miche.

"Mama Rosa, huku hakuna baridi ya kuulaza mti. Lazima uuvue majani kwa mkono ndio utoe maua. Si niliwafundisha siku ile nilipowaletea miche?"

Siku ile? Siku ile nilikuwa nyuma kabisa, tunamchambua mke mpya wa mwalimu.

Wadau, Opondo aliiba, hilo sifuti. Lakini kabla hujamchafua jirani, ngoja kwanza uone hasara yenyewe inaota nini.

Nikaenda kwake. Nikasimama mlangoni.

"Opondo, mimi..."

Hakuinua hata macho. Alikuwa anamega ugali.

"Mama Rosa, ingia unawe mikono. Samaki anapoa. Maneno utayasema ukishashiba, na najua ni mengi."