Mgomba wa Kimo Chake

Kwetu Navakholo, mtu akifa mbali, na mwili wake ukakosekana, tunazika mgomba. Shina linakatwa, linavishwa nguo za marehemu, linalazwa ndani ya jeneza, na watu wa nyumbani wanatupa udongo, mama mzazi akiwa wa kwanza. Baada ya hapo mtu huyo amekufa. Hata akitokea kesho barabarani na begi lake mgongoni, haingii uani hivi hivi, maana amekwisha kuzikwa. Zamani nilikuwa nikiyacheka haya chinichini, mimi mwalimu niliyepanga nyumba mjini, Shirere. Mwaka huu sikucheka.

Mdogo wangu aliondoka akiwa na miaka ishirini na tatu. Aliambiwa ni kazi ya kulinda maghala ng'ambo, nami nikamwandikia barua ya maombi, nikampamba mpaka mwenyewe akacheka. Wiki chache baadaye alinipigia simu ya video akiwa amevaa magwanda ya jeshi lisilo letu, katika vita visivyotuhusu. Alisema alitia sahihi karatasi za lugha asiyoielewa. Nilimfokea. Nilimuuliza kichwa chake alikiacha wapi, kana kwamba ile barua sikuiandika mimi. Hatukuongea tena, na nikikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kujizaba kofi.

Habari za kifo chake zililetwa na Mkenya mwingine waliyekuwa naye kule. Alinitumia ujumbe, na chini ya ujumbe picha. Alisema mwili umebaki ulipoangukia, hakuna wa kwenda kuuchukua. Nyumbani niliwaambia nimepata habari, picha sikuitaja. Nilizunguka ofisi moja baada ya nyingine, nikiambiwa nijaze fomu, nirudi Jumatatu, nisubiri kupigiwa simu. Katika ofisi ya mwisho nilimwonyesha karani ile picha. Aliitazama, akanirudishia simu yangu, kisha akanipa fomu ileile.

Mama aliwapokea waliokuja kumpa pole, akawapikia chai, akawauliza habari za mahindi yao. Neno pole alilipita kama hajalisikia. Ilikwenda hivyo miezi minane, mpaka baba mdogo, anayetuongoza tangu baba yetu afariki, akasema inatosha, Jumamosi tunazika.

Tatizo likawa kimo. Shina lazima lilingane na mtu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na hakika na urefu wake. Huyu alisema mrefu, yule akasema wa kadiri. Baba mdogo akanitazama, kwa kuwa tulikuwa tukilingana, akaniambia nisimame kando ya mgomba wanipime. Mama, ambaye alikuwa ameketi tangu asubuhi, aliinuka akaja kusimama kati yangu na ule mgomba.

"Huyu bado ako hai," alisema. "Msinipimie huyu."

Basi wakachukua suruali yake ya shule iliyobaki sandukuni, wakapimia hiyo, sehemu ya juu wakakadiria. Sote tulijua kwamba alirefuka baada ya kumaliza shule. Sote tulinyamaza, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na mchungaji alikuwa amefika. Ndivyo tulivyo. Tunaweza kubishana juu ya mpaka wa shamba mpaka tuzeeke, lakini kosa la wazi kama lile tunalipita kimya, tukihofia chakula cha wageni kitapoa.

Jeneza lilifunguliwa ili watu wa nyumbani watazame. Shina lilikuwa limevaa shati lake jeupe, na upande wa miguuni palibaki nafasi tupu. Mama alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mfupi," alisema. "Mtoto wangu hakuwanga mfupi hivi."

Hakulia. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyeletewa gunia lisilo lake. Kaburini akakataa kushika udongo. Baba mdogo alimsihi, mchungaji akamsomea maandiko, shangazi zangu wakamshika mabega, naye akasimama tu. Niliona usoni mwake kitu kilichonitisha kuliko kilio chochote, nacho kilikuwa tumaini. Kipimo chetu kibovu kilikuwa kimempa sababu ya kuendelea kungoja.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Kwa kuitoa tu ningemaliza kila kitu, na nilijua siwezi kuitoa. Watoto sitini wananyamaza nikiingia darasani, lakini pale kaburini sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Nikimwonyesha, ataiona picha ile kila atakapofumba macho. Nisipomwonyesha, atakuwa anatazama barabara mpaka afe. Nilimchukia baba mdogo, nikamchukia mchungaji, nikajichukia mwenyewe zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenikosea.

Ndipo mama akanigeukia.

"Baba," aliniita, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wanapowabembeleza. "Wewe ulimwona?"

Nilisema ndiyo, nilimwona, kwenye picha.

Nilidhani ataniitisha simu. Badala yake alisogea karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini ambayo hata baba mdogo, aliyekuwa ubavuni petu, hakuisikia.

"Huko kunakuwanga na baridi. Alikuwa amevaa vizuri?"

Katika picha ile mdogo wangu amelala kwenye theluji na fulana moja. Miguu yake ni mitupu, kwa kuwa jaketi na viatu kuna mtu aliyekwisha kumvua.

"Alikuwa amevaa, mama," nilisema. "Jaketi nzito, na buti."

Aliinama, akachota udongo kwa mikono miwili, akautupa.