Kiswahili cha Mama

Mume wangu alitoka mkoa mwingine, na Kihaya, lugha yetu, hakukijua. Tulipoanza maisha Bukoba mjini aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba nikiongea na mama yangu kwenye simu niweke sauti ya nje naye asikie, na tuongee Kiswahili. "Mke na mume hawafichani," alisema. Niliona ni mapenzi.

Mama alikuwa Kamachumu, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na cha sokoni. Mazungumzo yetu yakapungua yakawa hali ya hewa, kahawa, na "haya mwanangu, Mungu akulinde." Siku moja alisahau, akaniuliza kwa Kihaya kama ninakula vizuri. Mume wangu aliichukua simu mkononi mwangu na kuikata. Usiku huo alinipiga kofi. Asubuhi alininunulia kitenge.

Kunipiga hakunipiga sana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka. Wanaopigwa niliwajua: jirani yetu aliyevunjwa mkono, mwanamke wa Muleba aliyelazwa hospitalini. Mimi nilikuwa na nyumba ya bati jipya, binti mmoja na cherehani ya kushonea wateja sebuleni. Kwamba wateja wa kiume hawakuruhusiwa kuingia, kwamba dada yangu aliacha kuja kwa sababu alinuniwa kila alipokuja, sikujua hayo yana jina.

Mume wangu alikuwa akienda kununua dagaa za biashara kisiwani Goziba. Safari moja ziwa lilichafuka, boti hazikutoka, hata simu yake haikupatikana. Chumvi iliisha. Duka liko ng'ambo ya barabara. Nilivaa kanga, nikasimama mlangoni, miguu ikakataa. Nilikuwa natafuta maneno ya kumweleza nilikwenda wapi na kwa nini. Nikajiuliza: yuko Goziba, maji yote haya katikati, mimi naogopa nini? Nilikaa kizingitini nikalia. Nilikuwa nimejijibu.

Mchana huohuo dada yangu alipiga simu. Mama ameanguka, upande mmoja umepooza. Sikuomba ruhusa. Nilimfuata binti yangu shuleni, tukapanda gari la Kamachumu.

Mama alinitambua. Macho yake yalinifuata tangu mlangoni. Nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kihaya yote niliyokuwa nimeyameza: kofi, simu, kitenge. Mdomo wake ulihangaika. Sauti iliyotoka haikuwa Kihaya wala Kiswahili.

Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Alikuwa anajua," alisema. "Kila ukikata simu alikuwa analia. Alisema, mwanangu anaongea kama mtu aliyeshikiwa panga."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, na yeye anasikiliza?"

Kesho yake dada alinipeleka polisi Muleba, dawati la jinsia. Askari wa kike alitufungia mlango.

"Amekupiga?"

"Si sana."

"Si sana ndiyo kiasi gani, dada yangu?"

Nilianzia kwenye simu, wala si kwenye kofi, na yeye akaandika bila kunikatisha. Ofisa ustawi wa jamii alinieleza taratibu za baraza la usuluhishi wa ndoa na mahakama, na kwamba mtoto atabaki nami kesi ikiendelea.

Mume wangu alikuja Kamachumu na wazee, akaomba msamaha mbele ya watu, akalia. Baba yangu mdogo akanigeukia: "Ndoa ni kuvumilia, mwanangu." Nikamjibu kwa heshima kwamba sirudi. Sikurudi.

Mama alifariki kabla talaka haijatoka. Sasa nashona hapa Kamachumu, na wateja wanaingia bila kuogopa mtu. Binti yangu ananyamaza ghafla akisikia pikipiki ikisimama nje, akidhani ni baba yake; nadhani itapita. Dada yangu husema mama alisikia yote niliyomwambia siku ile. Huenda. Ningependa kusikia alichotaka kunijibu.