Bobini ya Nne ya Sinema ya Ndugu Wawili

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na mukasi na kisanduku cha sindano, juu nilifikiri wananiita kushona pazia. Fundi Mukubwa wa sinema ya paroisi, hapa Bunia, alikuwa muzee murefu mwenye kuvaa koti hata jua likichoma. Aliangalia mikono yangu, siyo uso. Halafu akaniwekea mezani filamu iliyokatika vipande viwili.

“Weye njo mushonaji wa kanzu za mapadri?”

“Ndiyo, Fundi.”

“Basi shona hii.”

Nyinyi vijana munaoangalia sinema kwenye telefone mukilala chali, hamujui filamu ilikuwa kitu cha kushika. Ilikuwa utepe murefu wa picha ndogo ndogo, umezungushwa kwenye gurudumu la bati tunaloita bobini. Sinema moja ilikuwa na bobini tatu, ine, wakati mwingine tano. Utepe ukikatika hatushoni na uzi. Tunakwangua ncha mbili na wembe, tunapakaa gundi, tunafinya na kuhesabu pole pole mpaka ishirini. Nilifinya, nikahesabu, nikamurudishia. Fundi alivuta ncha mbili kwa nguvu zake zote, ikakataa kuachana.

“Kesho uje asubuhi,” alisema. “Na mukasi uache nyumbani.”

Hivyo njo mwanamuke mushonaji aligeuka opereta, mwenye kuendesha mashine ya sinema, na watu wakaacha jina langu, wakaniita Mama Opereta mpaka leo. Sijivuni bure. Kiungo changu hakikuachana hata siku moja mbele ya watu, na walio hai waulizwe.

Baada ya miaka miwili Fundi alinipa pia mikro ya kusemea. Sinema zetu zilisema Kifaransa au luga ambazo hata padri hakuzijua, kwa hiyo mufasiri alisimama pembeni ya mashine akisema kwa Kiswahili kile wanachosema ndani. Fundi alikuwa na sheria mbili, na alizirudilia mpaka nikaziota. Ya kwanza: usiweke bobini kwenye mashine bila kufungua utepe kidogo na kuangalia picha za mwanzo kwenye mwanga, ujue ni ile kweli. Ya pili ilikuwa juu ya mikro.

“Mufasiri ni bomba,” alisema. “Maji yaingie maji, yatoke maji. Hapana kutia sukari.”

Tulitembea na mashine, shuka nyeupe na grupu, ile mashine ya kutoa umeme, mpaka pahali gari lilikataa. Kule Mongbwalu tulionyesha sinema ninayoiweka ya tatu katika roho yangu: muzalishaji, mama wa kuzalisha wajawazito, anavuka muto uliofurika, amebeba kifurushi juu ya kichwa, na hakuna mutu anasema neno kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wachimbaji wa zahabu, watu wenye mikono ya jiwe, walilia wazi wazi. Mi nilishika mikro muda wote bila kufungua kinywa, na Fundi alinisifu siku ile kuliko siku zote. Naipenda sinema ile juu ilinifundisha kunyamaza, na wanaonijua wanajua nilihitaji fundisho hilo.

Ya pili ni ile ya mutu munene anayepeleka mbuzi kwa waziri katika treni. Katika kijiji cha Bule, muchana wa soko, wamama walicheka mpaka mihogo ikamwangika. Wakaomba mbuzi arudi. Nikarudisha bobini nyuma, mbuzi akatoka treni kinyumenyume na kurudisha majani aliyokula, na wakapiga kelele nikadhani grupu imelipuka. Mpaka leo mama wa kule akikutana nami anauliza, “Na mbuzi wetu, iko?” Najibu iko muzima. Sinema inayofanya mutu mwenye mizigo acheke namna ile ni dawa, na asiyeamini basi hajabeba muzigo.

Lakini ya kwanza, ile ninayoipenda kuliko zote, ni ya ndugu wawili. Mukubwa na mudogo wanagombania shamba moja la baba yao, lililo ngambo ya daraja. Katika bobini ya kwanza wanalima pamoja. Ya pili, wanaacha kusalimiana. Ya tatu wanakutana kwenye daraja, mukubwa anainua panga, na utepe unaishia pale, mukono ukiwa juu. Ya nne, panga inashuka. Mudogo anakufa, na mukubwa anakaa katika lile shamba peke yake mpaka mvua inaanza. Niliionyesha paroisini zamani, mara nyingi sana, na kila mara nilifasiri neno kwa neno. Niliipenda juu haikumubembeleza mutu.

Kisha vita ikatufikia. Sitaisimulia hapa, wengine wameisimulia, na nyumba nyingi za muji huu zinaikumbuka bila kukumbushwa. Fundi Mukubwa alikufa kwa maradi tukiwa mukimbizini. Kabla ya kukimbia, nilikuwa nimeficha masanduku ya bobini juu ya dari ya sakristia. Niliporudi, panya walikuwa wamekula vitambaa nilivyoshona kama alama kwenye kila bati. Nikaziandika upya na chaki, nikifuata mupango wa masanduku jinsi nilivyoukumbuka kichwani.

Wakati ule wa amani ya kutembea kwa vidole, mufanyabiashara mumoja alifungua ukumbi katika hangari ya zamani ya kahawa. Tulimuita Shefu wa Ukumbi. Alikuwa mwoga na mwenye roho nzuri, na vitu viwili hivyo vilimuchosha sana. Mukubwa wa mutaa alimupa ruhusa kwa sharti moja: fujo mara moja tu, hangari inafungwa. Hangari ilikuwa na milango miwili. Watu wa upande huu wa muji waliingia kwa mulango wa kushoto, wakakaa kushoto. Wa upande ule, kulia. Hakuna aliyewapanga. Katikati palibaki njia wazi, na hata mutoto hakuivuka.

“Mama Opereta,” Shefu aliniambia, “jumamosi tuonyeshe ya mbuzi tena.”

“Wameiona mara tatu. Jumamosi ni ndugu wawili.”

“Aka! Ile ya panga? Mama, watu hawa wametoka kuzika juzi juzi!”

“Njo sababu. Waone inaishia wapi.”

“Na wakianza kupigana?”

“Wakipigana, nitatoka na mashine yangu kichwani na sitarudi tena. Lakini mi sitawapa mbuzi kila siku kama watoto.”

Nilikuwa mubishi, sikatai. Niliamini sinema inayosema kweli inaweza kufanya kazi ambayo hotuba zilishindwa. Shefu alipangusa jasho, akakubali.

Jumamosi saa tisa ya muchana madirisha yalifungwa, hangari ikajaa. Bobini ya kwanza ilipita vizuri, ya pili pia. Katika ya tatu niliona wanaume wa kushoto wanasogea kwenye ncha za mabenchi, na wa kulia hivyo hivyo. Shefu alikuwa karibu yangu akisali kwa sauti. Panga iliinuka, utepe ukaisha. Nilikimbia kubadilisha bobini, na kwa haraka ile nikaamini chaki yangu. Sikufungua utepe, sikuangalia kwenye mwanga. Kosa la mwanafunzi wa siku moja, na mi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini!

Picha ikatoka. Arusi.

Mama yangu! Ilikuwa bobini ya mwisho ya sinema ingine kabisa, ya inchi ingine, watu wengine: ngoma, wamama wanacheza, bibi arusi anashuka kilima, wazee wawili wenye kofia wamekaa kwenye kiti kimoja. Halafu mwanaume wa kushoto, muchinjaji wa ng'ombe anayeitwa Zakaria, akasimama.

“Nani amekufa? Mufasiri, sema! Nani amekufa?”

Kulia nako wakasimama, na benchi moja likaanguka. Nilijua kazi yangu: kuzima mashine, kuomba musamaha, kutafuta bobini ya kweli. Na nilijua kama nikizima, giza lile litafanya nini. Nikashika mikro.

“Hakuna aliyekufa,” nilisema. “Kaeni. Mukono ulichoka, panga ikaanguka mutoni. Miaka imepita. Munaona wale wazee wawili wenye kofia? Njo wao.”

“Mukubwa alikuwa mufupi!” mutu alipaza kutoka kulia. “Huyu ni murefu!”

“Weye baba, subiri uzee wako utaona.”

Mutu akacheka kidogo. Nikaendelea, ulimi ukikimbia mbele ya akili: “Leo watoto wao wanaoana.”

“Yesu!” Bibi mumoja wa mbele, wa kushoto, alishika kichwa. “Watoto wa ndugu wawili? Wanaoana?”

“Hapana, bibi, nisamehe!” Jasho lilikuwa limefika kwenye visigino. “Bwana arusi ni mutoto wa mudogo. Bibi arusi ametoka mbali, kwa watu wengine kabisa. Lakini ng'ombe za mahari zimetoka katika zizi la baba mukubwa wa bwana arusi, yule aliyeinua panga. Zote.”

“Ah,” alisema bibi. “Hapo sawa.”

Na bibi mwingine, kule kulia, akaitikia, “Hapo njo sawa kabisa.” Wamama wakapiga vigelegele, wa huku wakapokea wa kule. Benchi liliinuliwa. Zakaria akabaki amesimama muda murefu, akiangalia sikrini, akiangalia kulia, mwishowe akakaa. Nilifasiri arusi nzima, kila wimbo na kila baraka, na sikujua hata neno moja la luga ile.

Waliiomba tena wiki iliyofuata, na miezi iliyofuata. Niliunganisha arusi na bobini ya tatu kwa gundi, kiungo kizuri kuliko vyote nilivyofanya. Bobini ya nne ya kweli niliipata katika bati la ile ya arusi, nikaifunga na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Ndiyo, nilikuwa na haya. Kila mara panga ilipoinuka nilimusikia Fundi: hapana kutia sukari. Mi nilikuwa nimetia gunia nzima. Watu waliniamini, nami niliwadanganya, na jambo hilo lilinichoma kuliko nilivyoonyesha.

Niliacha kazi macho yalipoanza kuona picha mbili pahali pa moja. Sasa nakaa kwenye baraza yangu, nachambua maharagi na kuwakosoa wapita njia. Juzi Muzee Zakaria alipita na maziwa, kama anavyofanya siku hizi. Nikaona sisi wawili tumezeeka, nikasema nitoe huu mwiba.

“Muzee, nina deni la neno. Ile sinema, mwisho wake siyo arusi.”

Aliweka chupa ya maziwa chini.

“Mukubwa alimuua mudogo,” alisema. “Halafu akakaa shambani mpaka mvua ikaanza.”

Niliacha maharagi, nikamutilia maji ya kunywa.

“Mama Opereta, unafikiri siye hatukuwa vijana? Niliiona paroisini nikiwa na miaka kumi na saba. Weye mwenyewe njo ulifasiri! Wote wa umri wangu waliiona, wa kushoto na wa kulia.”

“Basi kwa nini ulipiga kelele, nani amekufa?”

Aliangalia mikono yake.

“Juu tulikuwa tunangojea panga ishuke, ndipo tuanze kupigana. Siye na wao pia. Hatukukuja pale kwa sinema, mama. Arusi ikatoka, tukapotea. Ukasema ule uwongo wako mbele ya watu wote bila haya, na mi nikangojea mutu wa kule asimame aseme, hapana, alikufa. Hakusimama. Wao pia walikuwa wananingojea mi.”

Alikunywa maji niliyomupa, akaaga, akaenda zake. Nililia, nasema wazi. Halafu nilicheka, juu miaka yote ile nilijidhani mi njo niliyewadanganya.

Vijana wanakuja hapa kuniuliza sinema gani ninaipenda kuliko zote. Nawaambia ya ndugu wawili. Wakiuliza inaishia wapi, nasema inaishia kwa arusi, na kama kuna wazee wamekaa karibu, wa upande wowote, wanaitika kwa kichwa.