Mlango wa Mtafiti wa Maendeleo

Mtafiti wa maendeleo huingia ofisini kwake kupitia dirishani, mkoba kwanza, miguu baadaye, kwani mlango uligoma miaka sita iliyopita. Akishatua hujipangusa magoti, hulamba kidole, kisha hufunua majedwali ya nchi arobaini akitafuta kwa nini nyingine husonga mbele na nyingine hukwama. Katibu wake humshikia mkoba kila asubuhi na hajawahi kuuliza, maana msomi ni msomi. Lakini leo wakaguzi wamekuja kuamua kama utafiti uendelee au ufungwe, na ukifungwa, kibarua cha katibu kitaota nyasi.

Mkaguzi mkuu, mama mnene mwenye sketi ya kubana, alilitazama dirisha. “Baba, mimi nipande hapo?”

“Karibu sana, mama. Anza na mguu wa kushoto,” alijibu mtafiti.

Katibu, jasho likimtoka, aliusukuma mlango kwa bega. Ukafunguka bila hata kulia. Kumbe miaka yote hiyo mtafiti alikuwa akiuvuta!

Mtafiti aliukodolea macho, akalamba kidole, akafungua daftari. “Mlango mmoja hauthibitishi kitu,” alisema.

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaandika: utafiti uendelee. Mtafiti akashukuru, akatoka kupitia dirishani kwenda kutafuta milango mingine thelathini na tisa.