Mpishi wa Kambini

Mume wangu hawezi kukaanga yai. Nalisema hili mwanzo kwa sababu yote yaliyonifika yameanzia hapo. Alikaa miaka kadhaa katika nchi ya vita huko Uarabuni, kwenye kambi ya wanajeshi wa kigeni, na kila aliyemuuliza kazi yake alijibiwa kuwa alikuwa mpishi. Aliporudi Jomvu Kuu akanioa, nikajisemea bahati yangu hiyo, nimepata mwanamume wa kunipikia pilau siku ya Ijumaa. Loo! Siku ya kwanza nilipomwachia jiko, yai liliungua hata kikaango chenyewe nikakitupa. Nilimcheka wiki nzima. Nikimuuliza hao wanajeshi walikuwa wakila nini, hutabasamu tu akatoka nje.

Jambo moja halikuwa la kucheka. Jiko la makaa likiwashwa, yeye hayupo. Jirani akichoma majani yaliyofagiliwa uani, mume wangu hufunga madirisha yote, na joto lote lile la Mombasa, tukabaki ndani tunatokwa na jasho. Nikadhani ni maringo ya watu waliorudi ng'ambo.

Kisha nikajifungua binti. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, akaja kunilea hiyo arobaini. Kila jioni hutia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani na udi, akampitisha mtoto juu ya moshi ili husuda imtoke. Mtoto mwenyewe alikuwa na kucha na midomo ya rangi ya zambarau. Akinyonya kidogo hukatika pumzi, akaliacha titi, kipaji chote jasho. Mavyaa akasema hicho ni kijicho cha watu, akazidisha ubani.

Siku moja mume wangu alirudi mapema akakuta mtoto yuko juu ya moshi. Alikishika chetezo kwa mikono mitupu, na kilivyokuwa cha moto, akakirusha uani kikavunjika. Mavyaa akapiga kelele kuwa mwanawe amepandwa na jini. Mimi nilikuwa nikitazama viganja vyake vinavyoungua, na yeye mwenyewe kama hahisi.

Hospitalini daktari alitwambia moyo wa mtoto una tundu, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni ni mwembamba. Akaniuliza mengi: nilikunywa dawa gani nikiwa na mimba, niliugua nini, kwetu kuna mwengine aliyezaliwa hivi. Nikajibu yote. Akamgeukia mume wangu akamuuliza kazi aliyowahi kufanya, naye akajibu palepale, mpishi. Nilimtazama ile mikono iliyofungwa bendeji nikajua ananidanganya, ila sikujua ananidanganya nini.

Nikamsubiri. Siku mavyaa alipokwenda kumtazama nduguye, nikafunga mlango nikamwambia leo hutoki humu mpaka uniambie. Akakaa kitako sakafuni akaniambia. Wakala aliyempeleka alimwahidi kazi ya jikoni kweli, lakini alipofika kambini alipewa shimo. Shimo kubwa la taka, na kazi yake ni kuchoma. Kila kitu cha kambi kiliishia humo: plastiki, betri, makopo ya rangi, dawa za hospitali, matairi, magodoro, hata vitu ambavyo hakuvijua na hakuna aliyemwambia. Humwagia mafuta ya ndege akawasha. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, ukilala chini pale pale walipolala wao. Asubuhi akikohoa hutoka makohozi meusi. Aliona haya kutwambia kuwa alisafiri kote huko kwenda kuchoma taka, ndipo akawa mpishi.

Akaniambia na la pili. Mwenzake waliyekuwa naye shimoni, mtu wa nchi nyingine, alimpigia simu kumwambia mtoto wake naye amezaliwa na kasoro. Wale wanajeshi wenyewe huko kwao wanapimwa, wanaulizwa habari za watoto wao. Wao waliowachomea taka hakuna aliyewauliza hata kama wamefika salama.

Nilimrudisha kwa daktari akaseme kweli. Akasema. Daktari akasikiliza vizuri, mtu wa watu yule, kisha akasema hana kipimo cha kumwonyesha kuwa ni ule moshi wala kuwa si ule moshi, maana watoto wenye matundu ya moyo huzaliwa hata na watu ambao hawajawahi kutoka mtaani kwao. Tukarudi nyumbani na neno hilo.

Mimi nilimtaka kitu kimoja tu: amwambie mamake. Kwa sababu mavyaa alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akisema tumbo langu bovu, kwetu kuna shangazi aliyezika watoto, na kwamba nikiwa na mimba nilikula vitu visivyofaa. Kila siku ya Mungu ananiuliza, "Ulikula nini wewe?" Nikiwa kisimani, nikiwa nanyonyesha, mbele ya wageni. Nikajikagua mpaka nikachoka, embe mbichi, udongo wa kutafuna, chai ya tangawizi. Na mwanamume aliyejua yuko pale pale, anatazama sakafu.

Nilipombana akanijibu, "Mwanamume hasemi kwamba mbegu yake imeungua."

Binti yetu alipofika umri wa madrasa, mavyaa akamtafutia mume wangu mke wa pili, msichana wa Mishomoroni, mwenye tumbo zima, ndivyo alivyosema, nami nasikia. Nilingoja mume wangu akatae. Hakukataa. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nataka kujua kama ni mimi."

Wallahi nimewahi kutukanwa, lakini hilo liliniingia kuliko matusi yote. Mtoto wa watu anakwenda kuolewa ili mtu apimie mbegu yake! Nilitaka kwenda Mishomoroni nikamwonye. Lakini mke mkubwa akienda kumsema mumewe wakati wa posa, nani atamsikiza? Wangesema wivu huo, wangenicheka mlangoni. Kuondoka nako sikuweza. Binti yangu hawezi mwendo wa kwenda madrasa, na babake ndiye anayempakata begani akampeleka na kumrudisha. Hata leo wenzake wakikimbia, yeye hukimbia nao kidogo kisha huchuchumaa, magoti kifuani, mpaka pumzi irudi. Tunangoja zamu ya kupasuliwa.

Mke mwenzangu alipojifungua, mavyaa akaniambia tufuatane nikamwone mtoto, watu wasije wakasema. Nikaenda. Sitasema uongo, njiani nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Chumba kilinuka ubani, chetezo kipya kiko karibu na kitanda. Mume wangu alikuwa nje, kando ya ua, ametupa mgongo. Nikapewa mtoto. Nikamfunua mkono nikatazama kucha.

Zambarau.

Furaha haikuja. Kilichonijia ni kilio, nikakimeza. Mavyaa naye alikwishaona, akaanza na mke mwenzangu kwa upole bado, "Ulikula nini mwanangu, ulipokuwa na mimba?" Mwenyewe alinitazama mimi, uso umemvimba kwa kulia, akaniuliza, "Dada, kwani nilikula nini mie?"

Nikainuka na mtoto mkononi nikaenda mlangoni. Nikamwambia mume wangu, "Njoo uwaambie wewe, au nitawaambia mimi."

Akaja. Akasimama mbali na chetezo.

"Mama, ni mimi. Ni moshi wa kule."

"Moshi gani?" mavyaa akamuuliza. "Si ulikuwa mpishi?"

"Sijui kupika, mama. Nilikuwa nachoma taka."

Mavyaa akainama akakichukua chetezo, akatoka nacho uani akamwaga makaa mchangani, akabaki amesimama huko huko. Mke mwenzangu hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa bado ananitazama mimi, anangoja jibu lake. Nikakaa kitandani kando yake, nikamrudishia mtoto wake mapajani.

"Hukula kitu, mdogo wangu," nikamwambia. "Hata mimi sikula kitu."