Baba Anauliza Kama Tanga Walilia

Admin, nifichie jina tafadhali, maana Kigali ni ndogo na wanawake tunaopiga fidla harusini tunahesabika. Nina miaka thelathini na nne, sijaolewa, naishi na wazazi wangu Nyakabanda. Naandika nimejifungia chumbani na mama ananigongea mlango kila baada ya muda. Mtaelewa kwa nini.

Babu yangu mzaa baba alikuja huku akitokea Tanga na vitu viwili, cherehani na fidla. Baba alizaliwa hapa hapa Nyakabanda, akarithi vyote. Siku za kazi anashona kanzu, mwisho wa wiki anapiga harusini. Mama ni Mnyarwanda, lakini baba aliweka sheria kwamba Kinyarwanda kinaishia mlangoni pamoja na viatu. Ndani ni Kiswahili, tena cha Tanga. Pasipoti yake ni ya Tanzania, na kila akienda kuomba upya kibali cha kuishi katika mji aliozaliwa, anarudi amenuna kutwa nzima. "Mimi mgeni hapa," husema, "na mgeni ana kwao."

Kuna wimbo alioutunga ujanani, ndio tunaofungia kila harusi. Anaiomba Tanga impokee: "Tanga nifungulie, nirare kwako." Hilo neno "nirare" nimekua nikiamini ni Kiswahili cha ndani kabisa cha Tanga, ambacho sisi wa huku hatujakifikia. Msinicheke. Alichonifundisha baba sikuwahi kukihoji. Yeye mwenyewe alifika Tanga mara moja tu, kwenye harusi ya ndugu, mimi nikiwa shule ya msingi. Aliporudi alituambia, "Niliimba, watu wakatokwa na machozi." Kisa hicho tumekinywea chai miaka yote.

Mwaka jana nikachukua uraia wa Rwanda, uraia wa mama. Tanzania haikubali mtu mzima awe na nchi mbili, ilibidi nichague. Sikufanya kwa dharau. Nimezaliwa hapa, hata ndoto naota kwa Kinyarwanda. Haikupita muda bendi yetu ikaalikwa kwenda kupiga, na wapi? Tanga! Tena chini ya bendera ya Rwanda. Nilimkimbilia baba nikidhani atafurahi. Alikuwa anakata kola. Akaweka mkasi chini.

"Unaenda kwa baba zangu na bendera ya watu?"

"Baba, ni bendera ya mama pia."

"Basi enda na fidra ya mama yako."

Akaifungia fidla kabatini. Hiyo ndiyo niliyojifunzia, nikiwa bado nasimama juu ya kigoda. Tangu siku ile hajanisemesha, huu mwezi wa nne. Nikimsalimia anakanyaga cherehani. Na sasa hata cherehani hawezi, miguu imemvimba, daktari ametwambia tujiandae. Amemuusia mama kwamba akifa apelekwe Tanga, na mimi nisiwemo kwenye msafara. "Msariti hasindikizi." Nililia siku hiyo mpaka sauti ikakauka.

Nilikwenda na fidla ya kuazima. Nikamtafuta shangazi, binamu yake baba, na kabla ya onyesho letu nikakaa uani kwake nikawapigia yeye na jamaa zake ule wimbo kama zawadi kutoka kwa baba. Nilipofika kwenye "nirare", uani wote wakaangua kicheko. Shangazi alikuwa anajipiga mapaja.

"Jamani, na huyu naye! Ni-la-le, mwanangu, nilale! Babaako alituimbia hivyo hivyo, tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kutwa nzima tukamwita Mnyarwanda. Kesho yake asubuhi kaondoka, hata chai hakunywa."

Si watu wabaya. Walinilisha, wakanikumbatia, kwao ulikuwa utani tu. Lakini mimi nilibaki nimekaa na fidla mapajani. Kurara ni Kinyarwanda, ndiko kulala. Baba anayekiacha Kinyarwanda mlangoni alikuwa amekibeba mpaka Tanga ndani ya wimbo wake. Na machozi yalitoka kweli. Hakutudanganya, hakumalizia tu.

Nimerudi juma lililopita. Leo, kwa mara ya kwanza, baba amenitumia neno kupitia kwa mama.

"Papa wako anakuuliza, ule wimbo wake uliimba kule? Watu walilia? Na fidra ametoa, iko pale kitandani kwake. Mwana wanjye, mwanangu, iko anakungoja."

Nikamwambia mama anipe dakika chache. Nilipopita uani, karibu na dirisha lake, nikamsikia yuko peke yake anaimba polepole, pumzi zinamkatika. "Nirare. Nila... nirare. Ni-la-le." Ananyamaza, anaanza tena.

Kumbe anajua. Miaka yote hii anajua, na bado anajifunza lile neno ili watu wa Tanga wasimcheke atakapofika.

Sasa nimekwama. Nikisema walilia, nitapewa fidla na labda msamaha, lakini kwa uongo, na atakwenda kaburini akiamini mimi ndiye niliyeuza kwao. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya mgonjwa nchi pekee aliyonayo ili kuitetea bendera yangu. Nampenda baba yangu. Sitaki kushinda, nataka aniite jina langu kabla hajaondoka.

Kuhusu uraia msihangaike kunitukana, nimeshatukanwa na aliye na haki.

Mama amegonga tena. Nishaurini, ndugu zangu. Nikiingia mle chumbani nimwambie Tanga walilia, au nimwambie kwamba tuliochekwa tuko wawili?