Mtoki Usio na Kidonda

Kwetu Kilolo mtu akiota mtoki kwenye kinena hakuna anayeuliza sababu. Unatafuta kidonda mguuni, basi. Kwa hiyo mume wangu aliponionyesha uvimbe wake, huku amegeuzia uso ukutani kama mwali, nilimkalisha hapa nyumbani Uyole nikamkagua nyayo zote mbili, mpaka katikati ya vidole. Kidonda hakuna.

"Ni haya magambuti," akasema. "Yamenichubua kwa ndani."

Kwa ndani! Nikamkanda na maji ya chumvi, maana ubishi wa Mnyakyusa hauna dawa nyingine.

Ila miguu yenyewe ilikuwa inamwisha nguvu. Asubuhi hawezi kuinuka kwenye kigoda. Namshika makwapani, naita kama wapakiaji wa sokoni, "Haya, lumbesa juu!" Na kweli alikuwa na ukubwa wa gunia la viazi lililojazwa mpaka likaota kichwa. Akishajitutumua kidogo anachangamka, anatembea. Majirani wakasema anadeka. Nilicheka nao, lakini niliogopa, maana mtu hadeki huku jasho linamtoka.

Hospitalini mjini, daktari akamgonga goti kwa kinyundo. Goti kimya.

"Hata goti lako bishi," nikamwambia.

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Walikata kipande cha ule mtoki wakakipima, ndipo akatueleza: ni saratani ya mitoki. Mwili umetuma askari wapigane nayo, askari wamekosea njia, wanashambulia pale mishipa ya fahamu inapoipa misuli amri. Saratani ikitibiwa, miguu huenda ikarudi. Huenda! Neno hilo nililala nalo wiki nzima.

"Kwa hiyo si magambuti?" mume wangu akauliza. Jamani!

Dripu zilimnyonyoa nywele, zikamkondesha, lumbesa ikabaki debe. Niliendelea kumwinua kila asubuhi, naita vilevile, halafu naenda kulia jikoni.

Juzi natoka na chai, namkuta amesimama uani peke yake, kigoda kiko nyuma yake. Hajashika ukuta, hajashika chochote. Nikasimama mlangoni, birika mkononi.

Akaniona. Akajirudisha kigodani taratibu, akaninyooshea mkono.

"Mama watoto," akasema, "mbona lumbesa yako leo hujaiinua?"